William Cobbett na Maneno Madogo ya Kiingereza

Mwalimu anayeanza kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi aghalabu huyaogopa maneno makubwa. Hukesha akitafuta maana ya neno refu lililomo katika kitabu cha wanafunzi, kisha huingia darasani akiwa na hakika kwamba maneno mafupi kama ‘it’, ‘his’, ‘this’, ‘that’ na ‘many’ yatajifundisha yenyewe. Madaftari humwonyesha vingine. Mtoto aliyekwisha kuweza kuandika ‘hospital’ na ‘yesterday’ bila kosa huendelea kwa miaka kadhaa kuandika ‘Juma loves her mother’, wala wino mwekundu wa mwalimu haumponyi.

Yuko mtu mmoja aliyeyafikiri sana maneno haya madogo, naye aliyafikiri si kwa kuwa alizaliwa katika nyumba ya wasomi, bali kwa kuwa hakuzaliwa humo. Mtu huyo ni William Cobbett. Huko Uingereza na Marekani hujulikana zaidi kwa magazeti yake na kwa ugomvi wake na serikali. Sisi walimu tuna haja naye kwa ajili ya kitabu chake cha sarufi, na kwa ajili ya njia aliyoipita mpaka akakiandika.

Cobbett alizaliwa tarehe 9 Machi 1763 katika mji mdogo wa Farnham, jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza. Babu yake alikuwa kibarua wa mashambani. Baba yake alikuwa mkulima wa kadiri, aliyejua kusoma, kuandika na hesabu, naye ndiye aliyewafundisha wanawe hayo machache nyakati za jioni. Shule yenyewe Cobbett hakuipata. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege wasile mbegu, akiwa mdogo kiasi kwamba kupanda ua wa shamba kulimtaabisha. Akiwa na umri wa miaka kama kumi na mmoja hivi, kwa maelezo yake mwenyewe, alitoroka kwenda kutafuta kazi katika bustani za Kew karibu na London, na njiani akatumia peni tatu za mwisho alizokuwa nazo kununua kitabu cha Jonathan Swift badala ya kununua chakula cha usiku. Alikisoma kando ya lundo la majani makavu mpaka giza likaingia, akalala hapo hapo. Baadhi ya mambo yale hakuyafahamu. Lakini alisema kwamba siku hiyo akili yake ilizaliwa.

Mwaka 1783, akiwa njiani kwenda gulioni, aliliona gari la farasi la abiria likipita, akalipanda akaenda London bila kuaga mtu. Huko alikuwa karani wa mwanasheria kwa miezi kadhaa, kazi aliyoichukia kuliko zote alizopata kufanya. Mwaka uliofuata akajiunga na jeshi, akawekwa katika kambi ya Chatham kwa mshahara wa peni sita kwa siku. Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kamanda wa kambi, Kanali Debbieg, alimfanya kuwa mnakili wa barua zake. Kanali hakukawia kutambua kwamba kijana yule ana mkono safi lakini sarufi hana. Hakumcheka, wala hakumnyang'anya kazi, alimshauri ajifunze.

Hapo yafaa mwanachuo atulie kidogo, maana hii ndiyo sehemu ya maisha ya Cobbett inayotuhusu sana. Alinunua kitabu cha sarufi cha askofu Robert Lowth, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1762. Alikinakili chote mara mbili au tatu, akakihifadhi kwa moyo, na kila alipokuwa katika lindo alikikariri tangu mwanzo hata mwisho. Ukingo wa kitanda ulikuwa kiti chake, shanta ilikuwa kabati lake la vitabu, na kipande cha ubao magotini kilikuwa meza yake. Pesa za mshumaa hakuwa nazo, basi wakati wa baridi alisoma kwa mwanga wa moto, na huo pia kwa zamu tu, kwani askari wenzake nao walitaka kuota. Alipotaka kalamu au karatasi ilimbidi ajinyime sehemu ya chakula, ingawa alikuwa na njaa siku zote. Safari moja, baada ya kutoa matumizi yote ya lazima, alibakiwa na nusu peni aliyokusudia kununulia samaki mkavu asubuhi. Usiku, alipovua nguo akiwa hoi kwa njaa, akagundua kwamba ameipoteza. Alijifunika shuka na blanketi akalia kama mtoto. Humo humo, katikati ya kelele, nyimbo na ugomvi wa kambi, ndimo alimojifunza sarufi ya lugha yake.

Simulizi hii isitupotoshe. Wako walimu ambao wakisikia habari za kijana aliyekariri kitabu kizima watatoka mbio kwenda kuwakaririsha watoto orodha za viwakilishi ubaoni. Kukariri pekee hakukumsaidia Cobbett. Kulikomsaidia ni kwamba kila siku alikuwa na barua halisi za kunakili, na kila siku kanuni aliyoisema katika lindo ilikutana na sentensi iliyoitii au iliyoivunja. Wanafunzi wetu wengi wana kanuni bila barua. Wapo wanaoweza kutaja ‘I, you, he, she, it’ kama wimbo, lakini hawajapata hata mara moja kuandika kwa Kiingereza jambo wanalotaka mtu mwingine alijue.

Tangu mwaka 1785 mpaka 1791 Cobbett alikuwa na kikosi chake huko Nova Scotia na New Brunswick, nchi ambazo leo ni sehemu ya Kanada. Alipanda vyeo haraka mpaka akawa sajini meja, kwa kuwa aliweza kuandika taarifa na hesabu ambazo maofisa wake hawakuweza. Uwezo huo ulimfungua macho. Aliyeandika daftari za kikosi aliona vilevile jinsi baadhi ya maofisa walivyokuwa wakila fedha za askari. Alinakili ushahidi kwa siri, na alipoachishwa jeshi mwishoni mwa 1791 aliwashtaki. Mapema mwaka 1792 alitambua kwamba mashtaka yangemgeukia yeye mwenyewe, akakimbilia Ufaransa pamoja na Anne Reid, mke aliyemwoa Februari mwaka huo. Baada ya miezi sita hivi wakavuka bahari kwenda Marekani.

Huko, katika Wilmington na baadaye Philadelphia, Cobbett alipata kazi ya kufundisha Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya nchini kwao na maasi ya makoloni yao. Walikuwa watu wazima, na wengi walikuwa wasomi kuliko mwalimu wao. Mwanasiasa Talleyrand naye alitaka kufundishwa. Cobbett, kwa maelezo yake, alimshuku kuwa mpelelezi, akakataa. Kwa ajili ya wanafunzi hao aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1795, Le Tuteur Anglais, ambacho kilichapishwa tena na tena hata Ulaya. Kwa hiyo kabla Cobbett hajawaandikia Waingereza sarufi ya lugha yao, alikuwa amekwisha kuifundisha kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao. Nadhani ndiyo sababu anatufaa kuliko wanasarufi wengi wa zama zake.

Kila mwalimu wa Wafaransa hukutana na kosa lile lile la ‘Juma loves her mother’. Katika Kifaransa neno la umilikaji hufuata jinsi ya kitu kinachomilikiwa: mama ni wa kike, basi neno linalomtangulia huwa la kike, hata kama mwana ni mwanamume. Mfaransa akija katika Kiingereza hutazama upande wa mama, naye huandika ‘her’. Mtoto wetu hufika pale pale kwa njia nyingine. Katika Kiswahili ‘-ake’ hupatana na kinachomilikiwa: kitabu chake, gari lake, mama yake; wala haisemi kama mwenyewe ni Juma au ni Asha. Mtoto amezoezwa tangu utotoni kutazama kitu, si mwenye kitu. Anaposikia mama, anamwona mwanamke, kalamu inaandika ‘her’. Kosa hili basi si uvivu wala si usahaulifu. Ni tabia njema ya Kiswahili iliyovuka mpaka.

Mwalimu anayejua hivyo hatasahihisha kwa kuandika neno sahihi juu ya lile baya. Atawasimamisha Juma na Asha mbele ya darasa, kila mmoja na begi lake, na kabla ya sentensi yoyote kusemwa atauliza swali moja: nani mwenyewe? Darasa likijibu Juma, ndipo sentensi itoke, ‘This is his bag’. Kisha waulize juu ya mama yake Juma, dada yake Juma, baba yake Asha. Mifano ya mama na dada wa mvulana, na ya baba na kaka wa msichana, isiachwe hata siku moja, kwani hapo ndipo mtego ulipo. Mwalimu atoaye mfano wa Juma na baba yake tu hawezi kujua kama somo limeingia.

Miaka iliyofuata ya Cobbett ilijaa vurugu, nami nitaipita upesi. Aliandika huko Marekani kwa jina la nungunungu, Peter Porcupine, akimchoma kila aliyemchukia. Alimkashifu tabibu Benjamin Rush, akatozwa fidia ya dola 5,000, akarudi Uingereza mwaka 1800. Mwaka 1802 alianzisha gazeti la Political Register. Mwanzoni lilikuwa upande wa serikali. Baada ya miaka michache likawa adui yake. Mwaka 1810 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili katika gereza la Newgate na faini ya pauni 1,000, kwa kosa la kuandika kwa hasira juu ya askari wa mgambo waliochapwa viboko mjini Ely.

Jambo moja la gerezani lakini halipitwi upesi. Familia yake ilikuwa shambani Botley, mwendo wa mbali kutoka London. Kapu lilikwenda na kurudi baina ya shamba na gereza, likichukua matunda, mayai, maua ya mwituni, na barua za watoto. Hakuwapa ratiba ya masomo wala hakuwalazimisha. Walimwandikia kwa kuwa walikuwa na mambo ya kumwambia: ng'ombe kazaa, mche fulani umekufa, panya kaonekana. Kila barua ilipata jibu, na kila jibu liliandikwa kwa mwandiko wa wazi ambao mtoto aliweza kuuiga. Ndivyo walivyojifunza kuandika. Sisi tunao wanafunzi wengi katika chumba kimoja, wala kapu hatuna. Lakini madarasa mawili ya shule jirani yanaweza kuandikiana barua fupi za Kiingereza, na mtoto akiandika ‘it is dead’ bila kutaja kilichokufa, atajibiwa na mtoto mwenzake kwa swali. Swali hilo litamfundisha kuliko alama ya mkasi.

Baada ya vita vya Napoleon kumalizika mwaka 1815, watu wa kawaida wa Uingereza walipatwa na dhiki kubwa ya kazi na chakula, nao wakaanza kudai haki ya kupiga kura. Cobbett alishusha bei ya gazeti lake mpaka peni mbili, likasomwa na vibarua na mafundi kwa makumi ya maelfu. Maombi ya wananchi yalipelekwa Bungeni kwa mamia. Mwaka 1817 Bunge lilikataa mengi: mengine kwa kuwa yalipigwa chapa badala ya kuandikwa kwa mkono, mengine kwa kisingizio kwamba lugha yake haina adabu. Mwaka huo huo serikali ilisimamisha sheria iliyomlinda mtu asitiwe kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Cobbett alijua ni nani atakayetangulia kukamatwa. Mwezi Machi 1817 akapanda meli Liverpool, akarudi Marekani.

Alikaa katika shamba la kupanga huko Long Island, karibu na New York. Humo ndimo alimoandika A Grammar of the English Language, kitabu kilichotolewa mwaka 1818. Kimeandikwa kama barua kwa mwanawe James Paul, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, lakini jina la kitabu lenyewe liliwataja waziwazi watu waliokusudiwa: askari, mabaharia, wanagenzi na vijana wa plau. Mtu angetazamia mkimbizi aandike juu ya kodi na uchaguzi. Yeye aliandika juu ya kiwakilishi na kitenzi, akiamini kwamba huko nako ni kuendelea na vita vile vile. Kama mlango wa Bunge hufungwa usoni mwa mtu kwa sababu ya lugha yake, basi mwenye kumpa mtu huyo sarufi amempa kitu ambacho hakitaporwa na askari wala hakimu.

Kitabu hicho kina mizaha mikali. Palipohitajika mifano ya majina ya makundi, yale ambayo kwa Kiingereza yaweza kuchukua kiwakilishi cha umoja au cha wingi, Cobbett aliliweka Bunge karibu na kundi la wahuni, na mahakama kuu ya mfalme karibu na pango la wezi, bila kusema neno zaidi. Kanuni anayoifundisha hapo ni ya kweli: ukianza kulitaja kundi kwa ‘it’, usigeuke katikati ya sentensi ukalitaja kwa ‘they’. Kijana wa plau aliyecheka mfano huo hakuisahau kanuni.

Lakini neno alilolipiga vita kuliko yote ni ‘it’. Aliliona kuwa ndilo msumbufu mkubwa kabisa wa lugha, kwa sababu ni dogo na ni rahisi kupachika. Mwandishi akiishiwa na la kusema, hulichomeka tu. Alimwonya mwanawe asiliandike kamwe kabla ya kufikiri vema, akamwambia kwamba aonapo ukurasa wenye mengi ya namna hiyo humwogopea aliyeuandika. Kisha akatoa mfano. Alichukua sentensi ya daktari mmoja wa dini aliyekisifu kitabu fulani cha sarufi, sifa ambazo mwenye kitabu alikuwa amezitumia kama ushahidi wa ubora wa kazi yake. Akaonyesha kwamba katika sentensi ile ya kusifu sarufi, ‘it’ imetumwa kazi isiyo yake, kinyume cha sarufi na kinyume cha akili.

Njia yake haikuwa na siri. Alisimama mbele ya kila ‘it’, ‘they’, ‘which’ au ‘that’ akauliza: neno hili linasimama badala ya neno gani? Kama jibu ni moja na liko karibu, sentensi hupita. Kama majibu ni mawili, au hakuna, hurudishwa kwa mwenyewe. Kwa swali hilo aliyachambua maandishi ya Dakta Johnson, mwandishi wa kamusi mashuhuri. Kwa swali hilo aliichambua hotuba ya mfalme kwa Bunge. Na katika chapa ya mwaka 1823 akaongeza masomo sita ya kuwazuia viongozi wa nchi wasiandike sarufi mbovu, akitumia maandishi ya watu kama Castlereagh na Wellington. Waliokataa maombi ya mafundi kwa sababu ya lugha walionyeshwa kwamba lugha yao wenyewe haipiti mtihani wa mtoto wa miaka kumi na minne.

Swali lile lina uzito wa pekee kwetu tunaozungumza Kiswahili. Tazama sentensi hii: Mtoto alichukua kisu, akakata kamba, akakitupa. Hakuna anayeuliza kilichotupwa. ‘-Ki-’ imekwisha kusema ni kisu. Kama ingekuwa kamba, tungesema akaitupa. Sasa iandike kwa Kiingereza: ‘The child took the knife, cut the rope and threw it away.’ Kisu au kamba? Kiingereza hakisemi. Ngeli zetu hutufanyia kazi ambayo Mwingereza hana budi kujifanyia mwenyewe kwa kupanga maneno au kulirudia jina. Kiwakilishi ni wakili, nasi katika Kiswahili tumezoea mawakili wanaoingia mahakamani wakiwa wamevaa sare ya wateja wao. Katika Kiingereza wote huvaa kanzu moja. Mwanafunzi wetu hajawahi kulazimika kuuliza wakili huyu ni wa nani, kwa hiyo haulizi, na insha yake hujaa ‘it’ ambazo yeye mwenyewe kesho yake hawezi kuzieleza.

Zoezi linalofaa ni jepesi wala halihitaji gharama. Andika ubaoni habari fupi ya Kiingereza yenye ‘it’ tano au sita, zikiwamo mbili zenye utata. Wanafunzi wachore mstari kutoka kila ‘it’ mpaka jina linalowakilishwa. Pale mistari ya wanafunzi inapopishana, habari hiyo irekebishwe na darasa zima. Kisha ifasiriwe kwa Kiswahili. Hapo watalazimika kuchagua baina ya ‘-ki-’, ‘-i-’, ‘-li-’ na ‘-u-’, na kila uchaguzi utawataka wajibu swali la Cobbett. Wako wanaosema Kiswahili kisikanyage katika somo la Kiingereza. Katika jambo hili mimi siafikiani nao hata kidogo, maana hapa ngeli ndiyo taa inayoonyesha shimo lilipo.

Taa hiyo huangaza kwingine pia. ‘Kila’ hufuatwa na umoja siku zote: kila mtoto ana kitabu chake. Mwanafunzi anayeandika ‘every children’ akumbushwe kwamba hata kwao hakuna kila watoto, naye atajisahihisha. Lakini pengine taa hiyo hiyo hutia kivuli. ‘Maji’ na ‘maziwa’ huchukua upatanisho wa wingi, maji mengi, maziwa mengi, na ‘-ingi’ hiyo hiyo hutumika kwa vitabu vingi. Ndipo mtoto anapoandika ‘many water’. Kumwambia kwamba maji hayahesabiki hakutoshi, kwa kuwa sarufi yake inamwambia ni mengi. Mletee ndoo na vikombe. Vikombe avihesabu, ‘many cups’. Maji yenyewe ajaribu kuyahesabu ashindwe, ‘much water’. Na ‘this’ na ‘these’ huchanganywa mara nyingi na sikio kabla hazijachanganywa na akili, kwani Kiswahili hakitofautishi maneno kwa ‘i’ fupi na ‘i’ ndefu ya namna ile. Anayewafundisha watoto tofauti ya maana tu bila kuwazoeza kuisikia na kuitamka, amefundisha nusu.

Cobbett alirudi Uingereza mwishoni mwa 1819. Kitabu chake cha sarufi kiliuzwa kwa wingi usiotazamiwa. Kwa hesabu yake mwenyewe nakala zilifikia 100,000 katika uhai wake. Mwaka 1830 alichapisha Rural Rides, habari za safari zake juu ya farasi katika mashamba ya Uingereza, kitabu ambacho wengi hukiona kuwa bora kuliko vyote alivyoandika. Mwaka 1831 alishtakiwa tena, mara hii kwa kuchochea vibarua waliokuwa wakivunja mashine za kupuria nafaka. Wazee wa baraza hawakupatana, akaachiliwa. Mwaka 1832 alichaguliwa kuwa mbunge wa Oldham, akaingia katika nyumba ile ile ambayo kwa miaka mingi aliisahihishia sarufi. 

Haifai kumfanya malaika. Mtu huyu aliyewatetea vibarua wa Kiingereza kwa nguvu zote aliwadharau watu weusi, akawabeza wale waliopigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa na utumwa wenyewe, na aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki. Aliyeweza kuuliza kila ‘they’ inamwakilisha nani hakuona kwamba katika neno lake ‘the people’ wengi wetu hatukuwamo. Mwanachuo atakayemtumia darasani ajue hivyo, wala asiwafiche wanafunzi wakubwa wakiuliza.

Bungeni hakukaa sana. Mikutano ya usiku na hewa nzito vilimdhoofisha, naye alikufa tarehe 18 Juni 1835 katika shamba lake karibu na kijiji cha Ash, si mbali na mji aliozaliwa. Alizikwa Farnham, katika ua wa kanisa la mji. James Paul, yule mvulana wa barua, akawa mwanasheria na mwandishi. Mwaka huo huo wa 1835 alitoa sarufi yake ya Kilatini, na baadaye akakichapisha upya kitabu cha baba yake, akikiongezea sura juu ya matamshi.